Maji Yakifunika Barabara, Safari Imesimama

Somo la msimu wa mvua kwa madereva, waendeshaji wa bodaboda, abiria na wazazi wa Makindu na maeneo jirani

Kwetu Makueni mvua ni baraka. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wengi huzitegemea kwa mahindi, pojo, kunde na mbaazi, na ndizo hujaza mabwawa ya mchanga tunayochotea maji wakati wa kiangazi. Lakini mvua hizo hizo hugeuza kivuko ulichokipita asubuhi kikiwa kikavu kuwa mto mkali kufikia jioni. Kila msimu kuna familia inayompoteza mtu wake kivukoni, na mara nyingi hakuchukuliwa akiwa amelala nyumbani. Alikuwa safarini, na mbele yake kulikuwa na maji aliyoyaona kwa macho yake.

Somo hili linahusu dakika hizo chache ambazo gari limesimama ukingoni na dereva anaamua kama ataingia majini au atageuza. Baada ya kulisoma, unatarajiwa:

1. kueleza kwa nini gari, hata liwe zito, hushindwa na maji yanayotembea;
2. kutambua dalili kwamba mto unajaa au unakuja;
3. kupanga safari yako ili usilazimike kuvuka;
4. kujua la kufanya ukiwa abiria na dereva ameamua kuingia majini;
5. kujua la kufanya gari likikwama au likichukuliwa.

Lisome pamoja na walio nyumbani kwako. Ukiwa kiongozi wa chama cha akiba, kwaya, shule au kituo cha bodaboda, litumie katika mkutano wenu. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

SEHEMU YA 1: TULICHOJIFUNZA KWA MACHOZI

Majirani zetu wa Kitui hawataisahau Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021. Siku hiyo basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki la Mwingi na jamaa zao lilikuwa likielekea harusini upande wa Nuu. Mto Enziu ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yakipita juu ya kivuko. Basi liliingia polepole. Lilipofika ndani, maji yalilisukuma ubavuni, likainama, kisha likalala mtoni huku watu waliokuwa ukingoni wakipiga mayowe. Zaidi ya watu 30 walifariki. Watu 17 waliokolewa. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo watoto.

Wengi wetu tuliona video ya ajali hiyo. Inaumiza kuitazama, lakini ina somo ambalo hatupaswi kulipuuza: basi lile halikushtukizwa. Maji yalikuwa yanaonekana kabla magurudumu hayajayagusa. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Nafasi ya kurudi nyuma ilikuwepo.

Tarehe 26 Aprili 2024, wakati mvua kubwa za mwaka huo zilipokuwa zikinyesha karibu nchi nzima, msiba wa namna hiyo ulitupata hapa Makueni. Lori lililokuwa na watu lilizidiwa na maji katika daraja la Kwa Muswii, eneo la Kasikeu. Watu 11 waliokolewa. Wengine walipoteza maisha.

Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 9 Aprili 2024, basi la abiria lilisombwa na mafuriko katika Kaunti ya Tana River, karibu na mji wa Garissa. Abiria 51 waliokolewa kwa boti. Hao walirudi nyumbani. Hata hivyo, uamuzi wa kuingia majini ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba waokoaji walifika kwa wakati.

Tazama magari yenyewe: basi, lori, basi. Hayakuwa magari madogo. Watu wengi huamini kwamba gari refu na zito liko salama, na kwamba hatari ni ya Probox na pikipiki. Misiba hii inatuonyesha kuwa sivyo.

SEHEMU YA 2: KWA NINI MAJI HULISHINDA GARI

Kuna sababu tatu, na zote hufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kwanza, maji hulinyanyua gari. Chukua gari dogo lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6. Sakafu yake iko karibu sentimita 15 hadi 20 juu ya barabara. Maji yakishafika kwenye sakafu, kila sentimita 10 zinazoongezeka hulisukuma gari juu kwa nguvu inayokaribia kubeba kilo 600. Gari lenyewe lina uzito wa takriban kilo 1,000 hadi 1,200. Piga hesabu: maji yakipanda shubiri moja tu juu ya sakafu, karibu uzito wote wa gari umebebwa na maji. Tairi hazishiki tena barabara. Usukani na breki havina kazi.

Pili, maji hulisukuma gari. Mita moja ya maji kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu ina uzito wa kilo 1,000, yaani tani moja. Mto unaposhuka kwa kasi, tani hizo hugonga ubavu wa gari bila kupumzika. Tena, kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Hapa ndipo basi na lori hushindwa. Ubavu wao ni mrefu na mpana kama ukuta, kwa hiyo hupokea msukumo mkubwa kuliko gari dogo. Lori likiwa na watu au mizigo juu, uzito uko juu pia, na ni rahisi zaidi kulala.

Tatu, huenda barabara yenyewe haipo. Maji ya mto wetu ni mekundu au ya kahawia. Huwezi kuona chini yake. Mkondo unaweza kuwa umekula kingo za kivuko, umefukua mchanga ulioshikilia saruji, au umeondoa kipande kizima cha barabara. Jana ulipita hapo, ndiyo, lakini jana si leo. Ukiachia gurudumu moja liingie kwenye shimo katikati ya mkondo, gari limekwisha kuinama hata kabla maji hayajalisukuma.

Kwa vipimo vya kukumbuka, tumia mguu wako mwenyewe:

- Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15, yaani yanayopita kidogo kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima.
- Sentimita 30, yaani katikati ya muundi, yanatosha kulinyanyua na kulisogeza gari dogo.
- Sentimita 60, yaani juu kidogo ya goti, yanaweza kuyabeba magari mengi, yakiwemo pikapu na magari makubwa ya kifamilia.

Lakini tahadhari: vipimo hivi ni vya kukuonya, si vya kukuruhusu. Usiingie mtoni kwa miguu ili upime kina. Anayepima hivyo ndiye huwa wa kwanza kuchukuliwa.

SEHEMU YA 3: IFAHAMU MITO YETU

Mito mingi ya Ukambani ni mito ya mchanga. Kwa miezi mingi haina maji ya kuonekana. Watu huchimba visima ndani yake, ng'ombe huvuka, watoto hucheza. Hali hiyo hutufanya tuizoee na kuidharau. Tunaona mchanga tu na kusahau kwamba hiyo ni njia ya maji.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba mvua inayojaza mto si lazima iwe ile inayokunyeshea wewe. Maji yanayopita kivukoni kwenu huenda yalinyesha kwenye milima ya Mbooni au Kilungu saa kadhaa zilizopita. Unaweza kuwa umesimama juani, vumbi likipeperuka, na mto ukaja. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, hapa kumenyesha?" Uliza, "Je, huko juu kumenyesha?"

Jambo la pili ni kwamba mto wa mchanga hauji polepole kama maji yanayojaa kwenye beseni. Wimbi la kwanza hufika ghafla, likiwa limebeba matawi, magogo na takataka. Ukiona au ukisikia mojawapo ya dalili hizi, ondoka kivukoni mara moja na upande mahali pa juu:

- ngurumo au mvumo kutoka upande wa juu wa mto, kama lori linalokuja;
- maji yaliyokuwa safi yanabadilika rangi na kuwa ya tope;
- majani, vijiti na povu vinaanza kuelea;
- jiwe au kigingi ulichokiona dakika chache zilizopita kimefunikwa;
- watu wa upande wa juu wanapiga simu au mayowe kwamba mto umeshuka.

Jambo la tatu linatupa matumaini. Mito hii hujaa haraka, na mingi pia hupungua haraka. Mvua ikikatika huko milimani, maji mara nyingi hushuka baada ya saa kadhaa, au kufikia siku inayofuata. Mtu anayesubiri ukingoni hasubiri milele. Anasubiri mchana mmoja au usiku mmoja.

Jambo la nne linatuhusu sote. Mchanga ukichimbwa ovyo karibu na madaraja na vivuko, msingi hubaki wazi na mkondo huuvunja kwa urahisi. Kaunti yetu ina sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga tangu mwaka 2015. Ukiona mchanga unachimbwa kando ya nguzo za daraja, ripoti kwa chifu au kwa ofisi ya kata. Daraja hilo ndilo mtoto wako atapitia akienda shule.

SEHEMU YA 4: KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Dereva anapofika ukingoni na abiria 14, mizigo juu, na harusi inaanza saa nne, ni vigumu sana kugeuza. Ndiyo maana uamuzi wa kutovuka unapaswa kufanywa mapema, nyumbani, wakati hakuna anayeharakishwa.

Sikiliza utabiri. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa za siku, za wiki na za msimu, na redio zetu huzisoma. Tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, ahirisha safari isiyo ya lazima.

Piga simu mbele. Mpigie mtu anayeishi karibu na kivuko utakachopita, na mwingine anayeishi upande wa juu wa mto. Simu ya shilingi chache inaweza kukuokoa.

Jua njia ya pili. Wanaotoka Makindu kwenda Wote, au wanaovuka Mto Athi kuelekea Kitui, waulize kabla ya safari: njia hii ikifungwa, nitapita wapi? Njia yenye daraja la juu inaweza kuwa ndefu na ikala mafuta zaidi, lakini mafuta hununuliwa.

Panga mahali pa kusubiri. Hili ndilo watu wengi husahau. Anayejua pa kulala hana haraka ya kuvuka. Je, una jamaa upande huu wa mto? Je, kuna soko, kanisa au shule ambapo abiria wanaweza kujikinga? Makindu wenyewe ni mji uliozoea wasafiri. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 linajulikana kote nchini kwa kuwapa wasafiri wa kila dini chakula bila malipo. Kusubiri hapa si aibu wala si mateso.

Beba vitu vichache: simu iliyojaa chaji, tochi, maji ya kunywa, shuka au koti, dawa za anayezihitaji kila siku, na kamba ndefu.

Kwa waandaaji wa safari za pamoja. Kwaya, msafara wa mazishi, timu ya mpira, wanafunzi: safari hizi ndizo zenye watu wengi katika gari moja na ndizo zenye shinikizo kubwa la kufika kwa wakati. Teueni mtu mmoja, asiye dereva, ambaye kazi yake ni kusema "turudi", na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba akisema, gari linageuka bila mjadala. Mwambieni pia mwenye sherehe mapema: mto ukijaa, tutachelewa au hatutafika. Hakuna bwana harusi anayetaka wageni wake wafe njiani, na hakuna marehemu atakayelalamika kwamba tulichelewa kumzika.

SEHEMU YA 5: UKINGONI

Sasa umefika, na maji yamefunika barabara. Kanuni ni moja: maji yanayotembea juu ya barabara, usiingie. Usiku usiingie hata kama unadhani hayatembei, kwa maana taa za gari huonyesha juu ya maji, hazionyeshi chini.

Simamisha gari mbali na ukingo, mahali pa juu, lielekee ulikotoka. Washa taa za tahadhari. Washushe abiria wakae mbali na maji. Usiegeshe ndani ya mto wa mchanga hata kama upande huo ni mkavu.

Zipo sauti utakazozisikia ukingoni. Zijue mapema.

"Mwenzako amepita sasa hivi." Huenda amepita kweli. Lakini mto haukai ulivyo. Dakika kumi baadaye kina kingine, na huenda yeye ndiye amemaliza kulegeza kingo za kivuko.

"Nipe mia mbili nikuonyeshe njia." Kijana anayejua mto kwa miguu hajui uzito wa gari lako. Gari likilala, hawezi kulinyanyua.

"Gari hili ni la juu, halizimiki." Soma tena Sehemu ya 2.

"Abiria wamelipa, wanataka kufika." Nauli hurudishwa.

"Bosi anasubiri mzigo." Mwenye gari, tunakuomba umwambie dereva wako leo, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba hatafukuzwa kazi wala kukatwa mshahara kwa sababu alikataa kuvuka mto uliojaa. Dereva anayeogopa kupoteza kazi ataingia majini.

Kuna hali moja tofauti: maji ya mvua yaliyosimama kwenye lami, yasiyotembea, machache, mchana, na unaona barabara chini yake. Hapo punguza mwendo, tumia gia ndogo, pita gari moja moja katikati ya barabara, na ukishatoka kanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke. Kama huoni barabara, usipite.

Kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, hatari nyingine ni kuteleza. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutengeneza utando kati ya tairi na lami. Punguza mwendo, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele mara mbili, washa taa kubwa zikiwa zimeinamishwa, na usikanyage breki kwa ghafla. Tairi zilizoisha meno zibadilishe kabla ya msimu.

SEHEMU YA 6: ABIRIA, SAUTI YAKO INA KAZI

Tumelelewa kumheshimu dereva. Yeye ndiye ameshika usukani, nasi tunanyamaza. Lakini heshima haimaanishi kufa pamoja naye.

Ukiona dereva anaelekea majini, sema mapema, gari likiwa bado kavu. Sema kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: "Dereva, tafadhali simama. Mimi nashuka hapa." Mara nyingi utagundua kwamba wengine walikuwa wanangoja mtu wa kwanza. Mama aliye na mtoto akisema "nasi tunashuka", na mzee wa nyuma akisema "mwanangu, tungoje", dereva amepata kisingizio cha kutovuka. Huenda hata yeye alikuwa akikitafuta.

Ukishuka, usivuke kwa miguu ukidhani umechagua njia salama. Subiri.

Waendeshaji wa bodaboda, pikipiki ina magurudumu mawili na haina uzito wa kusimama kwenye mkondo. Usivuke na abiria, usiisukume ndani ya maji, na usikubali kuibeba na wenzako juu ya mabega kuvuka. Pikipiki hupatikana tena.

Wazazi na walimu, mto ukijaa wakati wa shule, watoto wa ng'ambo wabaki shuleni au kwa jamaa wa upande huo. Kubalianeni mwanzoni mwa muhula mtoto gani atalala wapi, na mwambieni mtoto mwenyewe ili asijaribu kuvuka kwa kuogopa kuchelewa nyumbani.

SEHEMU YA 7: GARI LIKIKWAMA AU LIKICHUKULIWA

Tunaomba usiwahi kuhitaji sehemu hii. Isome hata hivyo.

Injini ikizimika majini, usijaribu kuiwasha tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyagandamiza kama hewa, na injini huvunjika. Zaidi ya hapo, unapoteza dakika za kutoka.

Kama maji ni machache na hayatembei, tokeni wote mara moja mwende mahali pa juu. Acheni mizigo.

Kama mkondo ni mkali kuzunguka gari na gari halijachukuliwa, usiruke ndani ya maji. Fungueni mikanda, fungueni madirisha mapema kabla umeme wa gari haujakatika, na pigeni simu. Maji yakianza kupanda ndani, pandeni juu ya paa kupitia dirishani na mshikamane hapo.

Kama gari limeanza kuelea au kuzama, fuateni utaratibu huu bila kupoteza muda: mikanda, madirisha, watoto, toka. Anza na mtoto mkubwa anayeweza kujishikilia, mbebe mdogo. Usihangaike na mlango. Maji ya nje huusukuma kwa nguvu kuliko mikono yako. Dirisha likikataa kufunguka, vunja kioo cha pembeni, kwenye kona, kwa kitu chenye ncha ya chuma. Vyuma vya sehemu ya kuegemeza kichwa huweza kusaidia. Kioo cha mbele ni kigumu zaidi kuvunja, usikipotezee muda.

Ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu ikielekea unakopelekwa, ili miguu ndiyo ikutane na mawe kabla ya kichwa. Usijaribu kusimama mkondoni, mguu unaweza kunaswa. Jisogeze kwa mshazari kuelekea ukingoni. Ukiona mti au matawi yaliyoziba mbele, jitahidi kupanda juu yake, usipitishwe chini.

Kwa mnaotaka kusaidia: msiingie majini. Waokoaji wengi wasio na mafunzo hufa pamoja na wanaowaokoa. Rusheni kamba. Mtungi wa plastiki wa lita 20, mtupu na uliofungwa vizuri, ukifungwa kwenye kamba ni boya zuri. Kijiti kirefu pia husaidia. Wazuieni watu wasikusanyike ukingoni, kwa sababu kingo zilizolowa hubomoka. Mtu mmoja apige simu: polisi ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Taja jina la mto, jina la kivuko au daraja, idadi ya watu, na upande unaofikika kwa gari. Mwambie mwingine aende barabarani kuwaongoza waokoaji.

SEHEMU YA 8: MAJI YAKISHUKA

Maji yakishuka, usiwe gari la kwanza kupita. Ngoja kivuko kionekane chote, kisha mtembee juu yake mkiangalia: je, kuna ufa? Je, kingo zipo? Je, mchanga ulio chini ya saruji umefukuliwa? Lori zito lisipite kabla ya wanaosimamia barabara kuangalia. Mkiona uharibifu, wekeni mawe na matawi barabarani pande zote mbili kama onyo, kisha mwarifu chifu au msimamizi wa kata. Usiku wekeni kitu cheupe kitakachoonekana kwa taa.

Mtu aliyeokolewa majini apelekwe hospitalini hata kama anasema yuko sawa. Maji aliyovuta kifuani yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja vivuko vyote unavyopita kutoka nyumbani hadi sokoni, shuleni na hospitalini. Ni vipi hufurika?
2. Kila kimoja kati ya hivyo, ni nani anaishi karibu nacho unayeweza kumpigia simu? Una namba yake?
3. Mko kwenye matatu, maji yamefunika barabara, na abiria mmoja anapiga kelele kwamba atakosa basi la Mombasa. Mtamjibu nini?
4. Katika kituo chenu cha bodaboda, mmekubaliana nini kuhusu mteja anayeongeza pesa ili avushwe?
5. Mtoto wako akikuta mto umejaa akitoka shule leo, atalala wapi? Yeye mwenyewe anajua?
6. Safari ya pamoja ijayo ya kikundi chenu ni lini, na nani atakuwa na mamlaka ya kusema "turudi"?

Swali la sita lisiachwe bila jina. Andikeni jina la mtu huyo kabla ya kufunga mkutano, na gari likija kuwachukua, mwambieni dereva jina hilo.

Ndugu mkazi, barabara tutaendelea kuzitengeneza na madaraja yatajengwa, lakini mvua ya msimu huu haitangoja. Ukifika ukingoni na maji yamefunika barabara, safari imesimama. Geuza, pumzika, piga simu nyumbani useme utachelewa. Wanaokungoja watakungoja.